Kilichokuwa Kinakula Chaji ya Gari Langu

Gari langu lilikuwa linaliwa mchana kweupe, limepaki uani, milango imefungwa, na ufunguo uko kwenye msumari ndani kwangu.

Nikisema linaliwa sitanii. Saa sita mchana naliacha na chaji asilimia sitini na tano. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri naliwasha, nakuta thelathini na moja. Hakuna aliyeliendesha. Vumbi la kwenye boneti liko vilevile nilivyoliacha.

Nawasimulia leo kwa sababu nimeibeba hii kitu mwaka mzima na imenichosha. Nilishamwambia padri, akasema nisali. Nimesali sana tu. Bado iko palepale kifuani.

Mie naitwa Ansbert. Ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari moja huku Madale, mwaka wa kumi na saba sasa. Shika hilo la Kiswahili, tutakuja kulihitaji mbele.

Nyumba tuliyopanga iko mlimani, wapangaji watatu. Mbele anakaa Recho, yeye anakaanga chipsi pale getini. Katikati ni mie na mke wangu Editha, ambaye anashinda kwenye duka la dawa Tegeta mpaka jioni.

Nyuma kuna chumba kimoja kinachotazama ukuta ninapopaki. Humo alikuwa anakaa Mzee Fakihi, Mmakonde wa Mikindani, mchonga vinyago. Anachonga yale masanamu yenye macho ya kutoka, ulimi nje, mguu mmoja umepita shingoni. Wageni wanayapenda kinoma. Sie majirani tulikuwa tunayapita tukiangalia pembeni.

Na nyumba nzima ina LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya LUKU moja watu watatu nadhani hahitaji maelezo.

Kwa hiyo siku naingia na gari la umeme, mwenye nyumba alipiga simu kabla sijazima taa.

"Mwalimu, hilo dude lako lisiguse soketi ya nyumba yangu."

Basi ikawa hakuna kuchaji nyumbani. Nilikuwa nachajia Mbezi Beach, kuna chaja ya haraka. Unachomeka, unakunywa soda, dakika arobaini uko themanini na unaondoka. Ukipanda milima ya Madale unafika nyumbani na sitini na tano.

Kagari kenyewe kadogo, ka Kijapani, mtumba, betri yake ishazeeka. Lakini nilikuwa nakaringia balaa. Kila mtu nilikuwa namwambia sentensi moja: "Hili halili. Likisimama halili kitu kabisa."

Sikulinunua kwa sifa, lakini. Nililinunua kwa ajili ya mama.

Mama yangu aliitwa Demetria. Alikuja kutoka Mbinga mwezi wa kumi, na kovu bichi kifuani, titi la kushoto limeshaondolewa. Huku Dar alikuja kupigwa mionzi. Mara ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano mfululizo.

Daktari alinivuta pembeni kwenye korido.

"Mwalimu, hii kitu haipendi kurukwa," akasema. "Ukiruka siku moja nitalalamika. Ukiruka nyingi sitakuwa na la kusema."

Nikamwambia usijali daktari, gari ninalo.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Alfajiri natoka na mama Madale mpaka mjini. Anapigwa mionzi, tunarudi, tunapitia Mbezi Beach nachaji, saa sita tuko nyumbani. Namuacha mama, nashuka kwa miguu kwenda shule, nafundisha zamu ya mchana, narudi jioni. Kwenda mjini na kurudi mpaka kwenye chaja nilihitaji asilimia hamsini na tano. Kwa thelathini na kitu nazimika njiani na mgonjwa.

Siku ya kwanza tulifika mapema, tukasubiri kwenye maegesho. Jua lishawaka. Nikamwashia mama AC akiwa kiti cha mbele, nikamuonyesha: unakanyaga breki, unabonyeza hapa, unazungusha hiki, upepo unakuja.

"Mbona halingurumi?" akauliza. "Limewaka kweli?"

"Limewaka, mama."

"Na linakula mafuta?"

"Mama, hili halili."

Akacheka, akaegemea kiti, akafumba macho. Akasema hajawahi kupata baridi nzuri hivyo tangu ashuke kwenye basi. Chumba anacholala kwangu hakina dari. Bati lile saa nane mchana ukiliangalia tu unatoka jasho.

Wiki ya kwanza gari lilikuwa malaika. Naliacha sitini na tano, nakuta sitini na tatu.

Wiki ya pili, siku ngozi ya mama ilipoanza kubabuka pale wanapopiga mionzi, ndipo gari nalo likaanza kuliwa.

Siku ya kwanza nilikuta thelathini na nane. Nikadhani ni macho. Nikazima, nikawasha, thelathini na nane. Mama keshajifunga kitenge, amekaa kwenye kiti cha nyuma, faili mapajani. Nikaita gari la mtandaoni. Dereva wa kwanza akakubali, alipoona Madale mlimani akakansel. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alikuja, lakini tulifika zamu yetu imepita, mashine inahudumia wengine.

"Kesho, mama," nesi akasema kwa upole.

Hiyo ikawa siku ya kwanza kurukwa.

Mama nilimwambia gari ni bovu. Sikutaka aanze kuwaza mambo ya chaji na asilimia, yeye awaze kupona tu. Ningejua, ningemwambia kila kitu mpaka namba ya mwisho.

Nikaanza uchunguzi wangu. Nikagundua kitu: Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hatuendi mjini na sichaji, gari halipungui. Linapungua tu siku nikitoka kulichaji haraka. Nikasema nimekupata, mwizi ni chaja.

Kijana wa pale Mbezi Beach akanielewesha. "Betri ikichajiwa haraka inapata moto, braza. Ikipoa, namba inashuka kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Mbili, tatu."

"Mie naibiwa thelathini."

Akakuna kichwa, akaenda kwa mteja mwingine.

Nikasoma mtandaoni mpaka macho yakauma. Kuna watu dunia nzima wanalia gari limepaki na chaji inashuka. Mmoja anasema alamu, mwingine anasema kamera, mwingine kifaa cha kufuatilia gari. Nikang'oa alamu. Nikang'oa redio. Kesho yake nikakuta thelathini na tatu. Mama akarukwa siku ya pili.

Kuna siku zilibaki arobaini na kitu, nikajilipua. Tulienda AC imezimwa, vioo wazi, mama anavuja jasho hadi mjini, mie naangalia namba tu. Tulifika. Kurudi niliburuzwa na gari la rafiki yangu kwa kamba mpaka kwenye chaja. Siku nyingine tulibahatika kupata gari la mtandaoni mapema, langu nikalichaji tukisharudi.

Jumamosi nikalipeleka kwa Praygod, fundi wa umeme wa magari kule Kinyerezi. Huyu jamaa hana papara. Alikaa nalo saa mbili, akachomeka vifaa vyake, akapima waya mmoja mmoja.

"Ticha," akasema, "betri yako ni mzee lakini siyo mwizi. Kuna kitu kinakula moto gari likiwa limepaki."

"Kitu gani?"

"Ndiyo ukitafute. Siku moja lipaki sehemu tofauti na nyumbani, uone."

Mafundi wanasemaga hivyo siku zote. Kuna kitu kinakula moto, yaani umeme, maana yake taa imebaki inawaka, au waya umegusana. Praygod hakumaanisha kingine.

Ila mie nilifika getini nimechoka, Recho akaniuliza fundi kasemaje, nikamjibu nusu: "Kasema kuna kitu kinakula."

Recho akaweka kisu chini. Viazi vikabaki nusu.

"Kinakula na hakionekani?"

"Hakionekani."

"Mwalimu, hiyo chuma ulete."

Mnaijua. Mtu ana dawa yake, amekaa kwake ametulia, vya kwako vinahamia kwake bila kelele. Wenye maduka ndio wanailalamikia zaidi. Nilicheka. Nikamwambia Recho, mie msomi, chuma ulete gani ya kunyonya betri ya Kijapani.

Jumatatu nikafanya kama Praygod alivyosema. Tuliporudi kutoka mjini nikamshusha mama, nikaenda na gari shule. Jioni nilipolirudisha lilikuwa limepoteza mbili tu.

Mama nilimkuta mlangoni, anajipepea na kipande cha boksi, kanga imelowa mgongoni.

"Leo gari uliliacha wapi, baba?"

"Shule, mama."

"Na kesho?"

Niliona ananihurumia. Nikajibu tutaangalia.

Kesho yake shuleni mpira ukapasua kioo cha pembeni. Siku iliyofuata nikaliacha tena nyumbani. Alfajiri nikakuta ishirini na tisa, na mama akarukwa siku ya tatu.

Sasa kicheko kikakata. Shule halipungui. Nyumbani linapungua. Kwa hiyo kitu kiko nyumbani. Hata mie msomi hesabu hiyo niliiona.

Recho alikuwa ameshafika huko siku nyingi.

"Nikwambie kitu usinitaje," akasema. "Ukishaondoka tu mchana, Mzee Fakihi anahamishia kigoda chake pembeni ya gari lako. Anakaa hapo anachonga. Na anaongea peke yake."

"Anaongea nini?"

"Sisikii, niko huku getini, mafuta yanachemka. Ila anaongea na kioo cha nyuma. Na anacheka, Mwalimu. Peke yake."

Vioo vya nyuma vya lile gari ni vyeusi tii, vilitoka hivyo Japani. Nikawaza yule mzee ameinama kwenye kioo cheusi anacheka, nikaenda kumwambia Editha.

Editha aliposikia hakutaka hata kujadili. "Baba Clara, mama anakwisha," akasema. "Kama ni yeye, atoke." Clara ni binti yetu, yuko bweni.

Siku ya nne iliporukwa, nilimkuta daktari kwenye korido. Alinitazama tu, akaingia ofisini.

Jumamosi ile nililigeuza gari ndani nje. Nilitoa mazulia, nikaingiza mkono chini ya kiti cha mbele cha abiria, nikagusa kitu kigumu.

Kilikuwa kijiti cha mpingo. Kirefu kama mkono wangu, kimechongwa kikalainika. Ncha moja ina duara la kushikia. Nyingine imetandazwa bapa, kama kisigino cha mtoto. Na ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yamechimbwa vizuri kabisa.

Nikakitoa nje juani.

Recho alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele, alienda tu nyumba ya jirani. Dakika kumi ua ukajaa.

Nilimgongea Mzee Fakihi. Akatoka na vumbi la mti kwenye nyusi, patasi mkononi. Mie miaka mitatu sijawahi kumpita bila shikamoo. Siku ile nilimnyooshea kijiti usoni.

"Mwalimu, leo hujaniamkia," akasema.

"Hiki nini?"

Akakiangalia kijiti. Halafu akaangalia nyuma yangu, kwenye mlango wangu. Mama alikuwa ametoka, amejishikiza kwenye fremu, mkono mmoja kifuani. Mzee akamtazama kwa muda. Nikajua anataka kummaliza mbele yangu, nikasimama katikati.

"Nimekuuliza, hiki nini? Unakula nini kwenye gari langu?"

Akashusha patasi.

"Mie sijala kitu chako, Mwalimu," akasema. "Aliyekula, kala chake."

Ua wote ukaguna.

"Mmemsikia," Recho akasema. "Mmemsikia kwa kinywa chake."

Nyuma yangu mama akaita. "Ansbert. Mwache mzee wa watu. Hilo gari, baba, mie..."

"Mama, rudi ukalale."

"Baba, nisikilize kwanza, hilo gari..."

"Mama. Nenda ndani."

Sijawahi kumkaripia mama yangu kabla ya siku ile. Editha akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Nikakitia kile kijiti kwenye jiko la chipsi la Recho, mbele ya macho ya mwenyewe. Mpingo hauungui haraka. Watu walisimama karibu saa nzima wakisubiri kiishe, na Mzee Fakihi naye alisimama, hakuingia ndani.

Mwenye nyumba alipigiwa simu na watu watatu tofauti. Jumanne mzee alihama. Masanamu yake yalifungwa kwa kamba nyuma ya guta la mizigo, ndimi zote nje, yakashuka mlima kuelekea barabarani. Walisema ameenda Kibamba. Kigoda chake alikisahau ukutani.

Na chaji ikaacha kuliwa.

Haki ya Mungu, siku ileile ya Jumatatu baada ya kuchoma kijiti. Naliacha sitini na tano, nakuta sitini na tatu. Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo.

Mnataka ushahidi gani mwingine? Nilihadithia staff room, nikahadithia jumuiya. Watu walinisikiliza midomo wazi. Kuna mwalimu wa fizikia alitaka kubisha, tukamzomea.

Mama hakurukwa tena hata siku moja. Alimaliza mionzi yote iliyobaki.

Ila alibadilika. Mchana alikuwa anakaa mlangoni na kipande chake cha boksi, anajipepea, anaangalia ukuta. Ngozi ya kifua ikafunguka, ikawa inatoa maji. Nikimuuliza vipi mama, ananijibu, "Joto tu, baba."

Na njiani kwenda mjini, nikimwashia AC, alikuwa anashika mkono wangu.

"Zima, baba. Utalimaliza."

Nami nazima. Nilikuwa nafurahi kabisa, nasema mama ameelewa shida zangu.

Mwezi wa kwanza tukarudi kwa daktari na vipimo. Ugonjwa umehamia kwenye mapafu. Aliifungua kadi ya mionzi, akapitisha kidole kwenye tarehe, kikasimama kwenye nafasi nne zilizo wazi. Alishaniambia mapema kwamba hatakuwa na la kusema, na kweli hakusema.

Mama alifariki mwezi wa pili, Ijumaa, saa tisa mchana, chini ya bati lile. Siku mbili kabla aliniomba kitu kimoja.

"Ukimuona Mzee Fakihi, mwamkie."

Nikasema sawa mama. Moyoni nikasema labda kaburini.

Tulimzika Mbinga. Kule mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Nilisimama kwenye ile baridi, nikalia kwa sababu nilijua angeipenda.

Niliporudi Dar sikulitaka tena lile gari. Kila nikilifungua nasikia mafuta yake ya nazi. Nikalipeleka kwa Praygod alipime, nitafute wa kumuuzia.

Alichomeka tableti yake, akakaa kiti cha mbele, akawa anasogeza kidole. Halafu akarudi juu, akaanza upya.

"Ticha, ulikuwa unalala humu mchana?"

"Mie mchana niko darasani."

"Basi kuna mtu alikuwa anakaa humu. Mara ile sikuangalia hizi kumbukumbu, nilikuwa nawinda waya." Akanigeuzia kioo. "Limewashwa saa saba. AC mpaka mwisho. Limezimwa saa kumi na mbili kasoro. Halijasogea hata hatua moja. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Jumamosi na Jumapili hakuna."

"Mpaka lini?"

Akanitajia tarehe. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ndiyo Jumamosi niliyochoma kijiti.

"AC ndiyo ilikuwa inakula," Praygod akasema. "Ya kawaida tu. Gari la umeme likiwa kimya hujui kama limewaka."

Nilifungua mlango wa nyuma. Nikaingiza vidole katikati ya kiti na mgongo wake. Nikatoa maganda ya karanga, kitambaa chake cheupe, na rozari aliyoniambia imepotea.

Praygod akasema, "Ticha, kaa chini." Nilikuwa nimeshakaa chini, kwenye mchanga wa gereji.

Kibamba nilizunguka siku tatu. Nilimpata asubuhi, kwa fundi seremala, anapiga randa miguu ya vitanda. Vinyago ameacha. Maneno ya Madale yalimtangulia, wateja wakaogopa, na aliyempangisha akamwambia masanamu yasiingie ndani.

"Shikamoo, mzee."

Randa ikasimama.

"Marahaba, Mwalimu. Leo umeniamkia." Akaangalia nyuma yangu. "Dada hajambo?"

Nikamwambia mama ameshafariki. Akakaa juu ya rundo la mbao, akasema maneno ya Kiarabu taratibu.

Nikamuuliza kuhusu mchana.

"Alikuwa anaungua," akasema. "Kifua kinawaka, na bati linawaka. Siku moja nikamkuta anahangaika na mlango wa gari. Akasema mwanangu amenionyesha, humu mna baridi, na halili kitu. Lakini kiti cha dereva hakiwezi, mkono wa kushoto haunyanyuki tangu operesheni, na kitufe kiko upande huo. Na kutoka kiti kile kingine mguu haufiki kwenye breki."

"Ukamchongea kijiti."

"Nikamchongea. Anakaa upande wa abiria, anakanyaga breki kwa kijiti, anabonyeza. Halafu anahamia nyuma, analala. Mie nakaa nje, asije akapatwa na jambo peke yake. Tunapiga soga kwenye upenyo wa kioo. Dada alikuwa na maneno ya kuchekesha yule."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniapisha siku ya kwanza. Alisema mwanangu anahangaika sana na mie, asijue kwamba hata usingizi wangu unataka gari." Akapangusa randa kwa kiganja. "Na hatukujua kama linaliwa, Mwalimu. Wewe ulisema halili. Siku ile mbele ya watu ndipo tukasikia, yeye na mie, wakati mmoja. Nikamtazama nione kama atasema. Akataka kusema, ukamrudisha ndani."

"Ungesema wewe."

"Wale watu walikuwa wanatafuta mchawi. Ningemtaja dada, wangempata."

Nikauliza jambo dogo, ili mradi niulize.

"Yale maandishi kwenye kijiti yalikuwa dua?"

"Dua wapi. Kiswahili kile."

"Kiswahili?"

"Kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, walivyokuwa wanaandika wazee wetu. Niliandika: Dada, pumzika. Nilimsomea, akafurahi, akawa anapitisha kidole juu yake."

Miaka kumi na saba nafundisha Kiswahili. Nawaambia wanafunzi kila mwaka kwamba lugha hii ilianza kuandikwa kwa herufi zile. Huwa natoa swali hilo kwenye mtihani.

Nilipiga magoti kwenye maranda ya mbao nikamuomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia, Mwalimu." Akachukua randa, akaendelea na mguu wa kitanda. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Kigoda changu kipo?"

"Kipo. Recho anakikalia."

"Basi mwachie," akasema, bila kuinua kichwa.

Pale uani nilimwambia kila mtu ukweli, mmoja mmoja. Recho alilia. Wengine walisikiliza, halafu wakasema Mwalimu msiba umemchanganya, mbona mzee alipoondoka chaji iliacha kuliwa. Hadi leo ndivyo wanavyosema, na ushahidi wanaoutoa ni ule niliowapa mie.

Gari sikuliuza. Siku za likizo, saa saba mchana, naingia kiti cha nyuma, nawasha AC, nalala pale alipolala. Naangalia namba. Inashuka saba kila saa. Saa tano za baridi ya mama yangu ni asilimia thelathini na tano.

Kama angeniambia, ningempa zote na tungetafuta usafiri mwingine. Na alikuwa ananiambia, mie ndiye niliyemwambia aingie ndani.

Funzo langu ni fupi na sina jingine. Ukiona chako kinapungua, kabla hujaenda kugonga mlango wa jirani, muulize mgonjwa wako mchana anakaaga wapi. Halafu akianza kukujibu, usimkatize.